Skrubu ya Tano

Dada yangu Pei-hsun alinunua yake kwa elfu sitini na mbili,
risiti kaikunja mara moja tu, kama hati ya nyumba.
Kijivu cha fedha, nembo mgongoni.
Sanduku lake jeupe liko juu ya kabati hadi leo:
ndani, anasema, bado kuna harufu ya upya.

Yangu niliiunda.
Kasha la Taipei, limekwaruzwa ubavu,
muuzaji akapunguza mia mbili bila kuombwa.
Prosesa ya mwaka juzi. Ramu vijiti viwili, kimoja cha kupewa.
Feni inayokohoa asubuhi.
Jumla: elfu ishirini na moja na mia nne.
Nikaiandika kwenye karatasi ya njano
nikaibandika jikoni, pale Pei-hsun anywapo chai.

Yeye: Umenunua shida, ukaziunga kwa waya.
Mimi: Umenunua nembo, ukapewa kompyuta nyongeza.
Yeye: Yangu haijawahi kuniuliza swali.
Mimi: Yangu ikiumwa, najua panapouma.

Kwenye karatasi ile sikuandika mikesha mitatu,
wala pawa saplai ya kwanza, iliyofuka moshi mwembamba
wenye harufu ya nywele zilizoungua,
wala safari nne za treni
kwa ajili ya waya uliopungua nusu shubiri.
Saa zangu sikuzipigia bei.
Nani ajidaiye mwenyewe?

Mama alitusikiliza akimenya karanga.
Miaka kumi na tisa alisimama kiwandani Taoyuan,
zamu ya usiku, kofia ya karatasi,
bisibisi ya umeme ikining'inia mbele ya uso.
Kazi yake ilikuwa skrubu ya tano.
Si ya nne. Si ya sita.
Kompyuta yaja, skrubu ya tano, yaenda. Sekunde saba.
Nembo hakuwahi kuiona; ilibandikwa jengo la pili.
Kisha kiwanda kikahama, kikavuka maji,
kikamwachia magoti.

Mwezi wa nane, kimbunga. Umeme ukapepesa mara tatu
kama jicho linalozuia chozi.
Ya Pei-hsun ikazimika, haikurudi.
Waranti ilikuwa imekufa siku kumi na moja kabla.
Kijana wa dukani, glavu nyeupe, akamweleza kwa upole:
vyote vimelehemiwa pamoja, kubadili kimoja ni kubadili vyote.
Elfu arobaini na moja.

Nilikuwa na maneno. Yalishajipanga mdomoni.
Nikamtazama uso, nikayameza.
Miaka mitatu mashine ile ilimtafsiria mikataba ya watu,
ilimlipia kodi ya nyumba, na haikukohoa hata siku moja.

Nikaifungua mezani. Mama akaja na miwani yake.
Chini ya mfuniko, skrubu kumi.
Kidole chake hakikuhesabu; kilikwenda moja kwa moja,
kona ya kushoto, kikatulia.
"Kuna mwanamke kaikaza hii," alisema. "Kaikaza vizuri."

Kisha akaigeukia yangu, ubavu wazi, nyaya nje.
Akaweka kiganja juu ya ubao mama
(ndivyo unavyoitwa, sikuubatiza mimi)
akausukuma kidogo. Ukacheza.

"Ya tano iko wapi?"

Nilijua. Usiku wa tatu ilibaki mkononi,
nikasema nne zatosha,
na hiyo nayo nikaiita akiba.

Hakunisema. Aliingia chumbani, akatoka na kopo la majani ya chai
lililojaa skrubu: zilizomfuata nyumbani
kwenye soli za viatu, miaka yote ile.
Akachagua moja kwa ncha ya kidole.
Kuikaza kulimchukua dakika nzima;
mkono siku hizi unatetemeka.

Sasa Pei-hsun anatafsiri kwenye yangu, mpaka apate fedha.
Analalamikia feni. Anataka nayo iwe na sanduku.
Na leo, nikichemsha maji, nimeona
kwenye karatasi ya njano, chini ya jumla,
mwandiko wa Mama uliolala kidogo:
skrubu moja.
Bei hakuweka.